Mwaka wa Alifu: Darasa la Kwanza na Matini Zake katika Historia ya Elimu ya Kenya

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi nchini Kenya wameandika mengi kuhusu riwaya, tamthilia na diwani zinazosomwa katika shule za sekondari na vyuo vikuu. Ni nadra, hata hivyo, kumkuta mhakiki aliyeketi na kitabu cha darasa la kwanza akakisoma kwa makini yale anayompa mtunzi wa riwaya. Sababu yake haifichiki. Kitabu hicho hakihesabiwi kuwa fasihi. Huachiwa wataalamu wa ualimu, nao aghalabu hukichukua kuwa chombo cha kazi, si matini. Matokeo ni kwamba matini iliyopita mikononi mwa Wakenya wengi kuliko riwaya yoyote ndiyo isiyokuwa na uhakiki.

Makala haya yanakusudia kuitazama historia ya mwaka wa kwanza wa masomo kwa jicho la mwanafasihi. Historia hiyo imekwisha kuandikwa mara nyingi, lakini imeandikwa hasa kama historia ya lugha ya kufundishia: lini ilikuwa lugha ya mama, lini Kiswahili, lini Kiingereza. Hatukusudii kulipuuza suala hilo. Tunachodai ni kwamba suala la lugha limelifunika jingine lililo sawa nalo kwa uzito, yaani mtoto anayeanza kusoma apewe nini asome, na apewe nini asikie wakati bado hajajua kusoma. Tutaonyesha kwamba kila mfumo uliopita ulijenga uhusiano wake kati ya sauti, herufi na maana. Kwamba mwaka 1964 hati rasmi ya serikali iliipa hadithi simulizi nafasi ya kila siku katika madarasa ya chini. Na kwamba nafasi hiyo ilidhoofika bila mtu yeyote kusimama hadharani kuitetea, wakiwemo wanafasihi wenyewe.

Chuoni

Katika miji ya pwani, darasa la kwanza lilikuwapo karne nyingi kabla ya neno "darasa la kwanza" kutumika. Mtoto alipelekwa chuoni. Neno lenyewe lina historia inayotufaa: katika Kiswahili cha zamani, hasa katika ushairi, chuo ni kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa kitabu. Mahali pa kusomea paliitwa kwa jina la kile kilichosomwa. Mtoto alianza na alifu. Alizijua herufi kwa majina yake na kwa sura zake, kisha akajifunza kuzitamka kwa fataha, kasra na dhuma, akiziimba pamoja na wenzake, mpaka akafika kwenye sura fupi za juzuu ya mwisho ya Kurani. Aliyemaliza msahafu alisemwa kuwa amehitimu, neno ambalo leo hutumiwa na vyuo vikuu vyetu bila kukumbuka lilikotoka. Na asiyejua lolote husemwa hadi leo kwamba hajui hata alifu kwa ujiti.

Mfumo huo ulikuwa na sifa moja ambayo mhakiki hawezi kuipita. Mtoto alisoma lugha asiyoielewa. Sauti ilitangulia, maana ikafuata baada ya miaka, kama ilifuata. Kiswahili, ambacho ndicho alichokisema nyumbani, hakikuwa somo. Uwezo wa kusoma tenzi na barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ulikuwa tunda la kando, ambalo mtoto alilichuma mwenyewe kwa kuhamisha herufi alizozijua kwenye maneno aliyoyajua.

Uhamisho huo haukuwa mwepesi. Kiarabu kina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika maandishi ya kawaida ya kale, kasra ilibeba /i/ na /e/, na dhuma ikabeba /u/ na /o/. Msomaji hakuweza kujua kwa kuliangalia neno peke yake kama lilikuwa na /e/ au /i/. Ilimlazimu kulijua neno, na mara nyingi kulijua beti zima. Wanazuoni wa Mombasa, miongoni mwao Mwalimu Sikujua katika karne ya 19 na baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), walijaribu kuongeza alama ili kuuziba upungufu huo. Hata hivyo, kwa muda mrefu kusoma Kiswahili kulikuwa ni kukumbuka kwa msaada wa herufi. Aliyekuwa amesikia tenzi zikighaniwa aliweza kuzisoma, asiyezisikia alitatizika. Kwa maneno mengine, hati ile iliichukulia fasihi simulizi kuwa tayari imo kichwani mwa msomaji.

Alfabeti ya chuoni iliingia pia katika umbo la ushairi. Dura Mandhuma, utungo wa pwani ya kaskazini, umepangwa kwa mfuatano wa herufi za Kiarabu. Mfuatano ambao mtoto aliuimba akiwa mkekani ndio mtu mzima aliotumia kupangia mawaidha yake. Hapa tunaona somo la kwanza likigeuka kuwa kiunzi cha sanaa. Tusiutukuze mfumo huo kupita kiasi. Fimbo ilikuwa sehemu yake, na kukariri bila kuelewa kulikuwa desturi yake. Lakini maana, ambayo chuo hakikuitoa, mtoto aliipata jioni kwa bibi yake. Chuo na hadithi za nyumbani zilikuwa nusu mbili za elimu moja, ingawa hakuna aliyeziandika hivyo.

Wasomaji wa misheni

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafuatwa na Johannes Rebmann mwaka 1846, wakaweka makao yao Rabai. Huko ndiko kulikoanzia darasa la kimisheni katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kule Unguja, Edward Steere alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili pamoja na mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa na wenyeji. Inafaa tuuzingatie mwaka huo mmoja. Mmisionari aliyekuwa akitafuta njia ya kufundisha lugha aliona kwamba hawezi kuitenga na hadithi zake. Maarifa hayo hayakuhamia madarasani kwa ukamilifu, kwa sababu lengo la darasa lilikuwa jingine.

Lengo hilo limehifadhiwa katika lugha zetu. Katika nchi ya Wagikuyu, Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kusoma na kubatizwa vilikuwa safari moja. Mtoto au mtu mzima aliyeingia darasa la kwanza alijifunza herufi za Kirumi, akaunganisha konsonanti na irabu, kisha akafika kwenye katekisimu na Injili katika lugha yake. Tofauti na chuo, hapa maana ilitakiwa tangu mwanzo, maana mwenye kubatizwa ilibidi aelewe anachokikiri. Lakini maana hiyo ilikuwa moja, na ilikwisha kuamuliwa. Ngano za jioni, vitendawili na nyimbo za jando aghalabu zilitiliwa shaka kuwa mambo ya giza. Kwa hiyo, ilhali chuo kiliinyamazia hadithi ya nyumbani, misheni ilishindana nayo.

Mbinu yenyewe ya kufundishia ilikifaa Kiswahili kuliko ilivyokifaa Kiingereza. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na herufi za Kirumi zinatosha kuziwakilisha irabu zake tano. Jedwali la ba, be, bi, bo, bu linampa mtoto katika siku chache maneno kamili: baba, bibi, babu. Kwa jedwali hilo msomaji wa miezi michache angeweza kutamka neno ambalo hajawahi kulisikia. Hili lilikuwa jambo jipya. Hati ya zamani ilimtaka msomaji aijue matini kabla ya kuisoma. Hati mpya ilimruhusu asome asichokijua. Faida yake ilikuwa kubwa. Hasara yake haikuonekana upesi: kwa kuwa herufi hazikuhitaji tena msaada wa kumbukumbu, ilikuwa rahisi kudhani kwamba mtoto anayeanza hana kumbukumbu yoyote inayofaa darasani.

Lugha gani? 1924–1957

Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1911. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilihimiza elimu inayolingana na mazingira ya mwanafunzi, pamoja na matumizi ya lugha ya mama katika madarasa ya chini. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwaandaa walimu wa kuzuru shule za vijijini. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliikubali lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kamati hiyo ilisimamia tahajia na kuidhinisha vitabu vya shule. Ndipo kitabu cha darasa la kwanza kilipopata kuwa kitu cha kiserikali chenye kukaguliwa kwa neno na kwa herufi. Mtoto wa Mombasa au Lamu, ambaye Kiswahili ni chake, alikutana katika ukurasa wake wa kwanza na Kiswahili ambacho si kile cha mama yake.

Tusidhani kwamba wazazi wa Kiafrika walikuwa watazamaji tu. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya Wagikuyu na misheni kuhusu tohara ya wasichana, zilizuka shule huru, zikiwemo za chama cha KISA na za Karing'a. Shule hizo zilianzishwa kwa jina la uhuru wa utamaduni, lakini mojawapo ya madai yaliyosikika humo ni kwamba watoto wafundishwe Kiingereza mapema zaidi ya ilivyotaka serikali. Wazazi waliona wazi kwamba lugha ya mama iliyosifiwa na wakoloni ilikuwa pia lugha isiyofungua mlango wa kazi yoyote. Hapa pana kinaya ambacho mjadala wa leo unapenda kukisahau: mkoloni alitetea lugha ya mama, mpigania uhuru akadai Kiingereza, na kila mmoja alikuwa na hoja. Shule hizo zilifungwa na serikali katika kipindi cha Hali ya Hatari kilichoanza mwaka 1952.

Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliweka miaka minne ya mwanzo, ambayo mwishoni mwake watoto walichujwa kwa mtihani. Darasa la kwanza sasa lilisomwa kwa kutazamwa kutoka darasa la nne. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyeanza shule mwaka 1947, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utamaduni jinsi miaka yake ya kwanza ilivyokuwa ya Kigikuyu, na jinsi ulinganifu kati ya hadithi za jioni na lugha ya shule ulivyovunjika Kiingereza kilipotawala baada ya 1952. Ushahidi wake hutajwa mara kwa mara kwa ajili ya adhabu walizopewa waliosema lugha yao. Kwetu sisi uzito wake uko kwingine. Anachokililia ni kukatika kwa uzi uliofunga kusikia hadithi na kusoma hadithi. Lugha ni sehemu ya uzi huo, wala si uzi wote.

Mbinu mpya na kipindi cha hadithi

Mwaka 1957 Kituo Maalumu cha Wizara ya Elimu kilianza Nairobi jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Jaribio lilianzia katika shule za watoto wa Kihindi, ambao lugha zao zilikuwa nyingi katika chumba kimoja, kisha likaenea katika shule za Waafrika kwa jina la Mbinu Mpya ya Shule za Msingi. Sifa zake mbili zilichukuliwa kuwa moja, ingawa ni mbili. Ya kwanza ilikuwa lugha, yaani Kiingereza. Ya pili ilikuwa mwenendo wa darasa: watoto kukaa katika vikundi, kushika vitu, kuhesabu vijiti na vizibo vya chupa, kuimba, kuigiza na kuuliza, badala ya kuitikia kwa pamoja yale mwalimu aliyoyasema. Mwalimu aliyependa sifa ya pili alilazimika kuipokea ya kwanza. Laiti shughuli zile zingejaribiwa pia kwa upana uo huo katika lugha za Kiafrika, huenda mjadala wetu ungechukua njia nyingine.

Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Hayo yanajulikana. Lisilotajwa sana ni pendekezo jingine la ripoti hiyohiyo: kwamba katika madarasa matatu ya kwanza pawepo kila siku kipindi cha kusimulia hadithi, au shughuli za namna hiyo, katika lugha ya mama.

Pendekezo hili ladai kusomwa kwa makini. Kwa upande mmoja ni fidia. Lugha iliyonyang'anywa hesabu, sayansi na kusoma ilipewa hadithi, kana kwamba hadithi ndicho kitu pekee ambacho lugha za Kiafrika zingeweza kukifanya bila hatari. Kwa upande mwingine, tume ilikuwa imetamka jambo ambalo halikuwa limetamkwa na chuo wala na misheni: kwamba hadithi simulizi ni sehemu ya kazi rasmi ya shule, yenye saa yake katika ratiba, na kwamba mwalimu wa serikali analipwa ili aseme "Paukwa" na watoto waitikie "Pakawa". Fasihi simulizi iliingia katika ratiba ya darasa la kwanza mapema kuliko ilivyoingia katika mtaala wa chuo kikuu.

Ni mwaka 1968, miaka minne baadaye, ndipo Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya masimulizi, iwekwe katikati. Waraka huo umeingia katika historia ya uhakiki duniani. Kipindi cha hadithi cha darasa la kwanza hakikuingia katika historia yoyote. Hakikuwa na mtihani. Hakikuwa na kitabu cha mwongozo kinacholingana na vile vya Kiingereza. Mwalimu aliyekuwa akikimbizana na silabasi alijua ni kipindi gani kinaweza kukopwa bila mkaguzi kuuliza. Taasisi ya Elimu ya Kenya iliandaa mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha mbalimbali za Kenya, nayo ilikuwa kazi ya thamani. Lakini kusoma kikwetu na kusimuliwa kikwetu ni mambo mawili, na la pili ndilo lililokosa mtetezi.

Januari 1974

Tarehe 12 Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo itaondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Mwezi uliofuata watoto walimiminika shuleni. Idadi ya wanafunzi wa darasa la kwanza, iliyokuwa takriban 379,000 mwaka 1973, ilifika karibu 959,000 mwaka 1974. Hakuna nchi iwezayo kupata walimu, madawati na vitabu vya kuwatosha watoto zaidi ya mara mbili na nusu katika mwezi mmoja. Walimu wasio na mafunzo waliajiriwa kwa wingi. Baadhi ya madarasa yalikaa chini ya miti, mengine yakapokezana chumba kimoja asubuhi na mchana. Baada ya muda si mrefu michango ya ujenzi wa shule ilichukua mahali pa karo iliyoondolewa, na watoto wengi waliokuja Januari wakarudi nyumbani.

Kwa historia ya matini, mwaka huo ni muhimu kuliko waraka wowote wa sera. Darasa la vikundi na shughuli haliwezekani pale watoto wanapokuwa wengi kiasi kwamba mwalimu hawezi kuyashika majina yao. Kilichowezekana ni ubao mmoja, kijiti cha kuonyeshea na sauti ya pamoja. Mwalimu alisoma, darasa likarudia. Bila ya mtu kukusudia, shule ya serikali ilirudi kwenye mwendo wa chuo, yaani sauti bila maana, lakini bila ile jioni ya bibi ambayo zamani iliikamilisha. Katika miji, ambako familia za lugha mbalimbali zilikaa mlango kwa mlango na bibi alikuwa amebaki mashambani, kasoro hiyo ilikuwa nzito zaidi.

Mwaka huohuo wa 1974 walimu na wahakiki wa fasihi walikutana katika Shule ya Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Mkutano huo ulizaa matunda: fasihi simulizi ilipata baadaye mahali katika silabasi za sekondari. Lakini shule waliyoizungumzia hasa ilikuwa ya sekondari. Mtoto mmoja kati ya wale 959,000 angehitaji kuvuka miaka saba na mtihani wa kitaifa kabla ya kukutana na ngano iliyokombolewa. Wengi hawakuvuka. Hatusemi haya kwa kuwalaumu waliotutangulia, maana kazi yao ndiyo iliyotufungulia njia. Tunasema tu kwamba fasihi simulizi ilirudishwa shuleni kupitia mlango wa juu, wakati mlango wa chini, uliokuwa umefunguliwa tangu 1964, ulikuwa ukijifunga wenyewe.

Kutoka darasa la kwanza hadi Gredi ya 1

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 iligeuza mkondo wa lugha: madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo ambako shule iko, na pale ambapo lugha ni nyingi, hasa mijini, Kiswahili kikatumika. Mwaka 1979 maziwa ya Nyayo yaliongeza sababu ya mtoto kuja shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Athari yake kwa darasa la kwanza ilikuwa ya haraka. Somo ambalo mwalimu angeweza kulikopa sasa lilikuwa na mtihani mbele yake, na kitabu cha Kiswahili cha mwaka wa kwanza kikapata soko.

Kitabu hicho kina mtindo wake. Aghalabu huanza kwa vitambulishi: huyu ni fulani, hiki ni kitu fulani, hii ni ile. Kisarufi ni mpango wa busara, maana kwa sentensi tano za namna hiyo mtoto amekwisha kuonjeshwa ngeli na upatanisho wake. Kifasihi ni ulimwengu uliosimama. Watu wapo, vitu vipo, wala hakuna linalotokea. Baba anasimama kando ya kikombe, na ukurasa unapofunuliwa anasimama kando ya kiti. Ngano huanza pale sentensi hizi zinapokomea: hapo kale alikuwapo, kisha siku moja. Mtoto wa miaka sita aliyezoea kumsikia sungura akimhadaa fisi anaambiwa darasani kwamba kusoma ni kutaja vitu ambavyo kila mtu anaviona. Hatushangai akidhani kwamba hadithi zinatoka katika midomo ya watu na kwamba vitabuni hamna kitu.

Mwaka 2003 serikali iliondoa tena karo, safari hii katika shule ya msingi yote, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwezi Januari 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha katika darasa la kwanza la Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Ulimwengu ulimstaajabia kwa sababu ya umri wake, na filamu ikatengenezwa juu ya maisha yake baada ya kufa kwake mwaka 2009. Mhakiki humstaajabia kwa sababu nyingine. Mzee huyo alieleza kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Miongoni mwa wanafunzi wote wa darasa lile, yeye alikuwa amekuja na matini akilini. Alizisikia habari zile kwa miaka mingi kutoka midomoni mwa wengine. Sasa alitaka kuzihakikisha kwa macho yake. Sauti na maana alikuwa nazo, akakosa herufi tu. Kila mtoto angestahili kuingia darasa la kwanza katika hali hiyo, akiwa tayari amesikia jambo ambalo ana hamu ya kulisoma.

Mradi wa Tusome, ulioanza nchini kote mwaka 2015, ulileta mabadiliko ya kweli katika kufundisha kusoma Kiingereza na Kiswahili: kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wake, sauti na silabi kwa mpangilio. Anayedharau kazi hiyo kwa sababu eti ni ya kiufundi hajapata kumwona mtoto wa darasa la tatu akishindwa kusoma sentensi moja. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kitaifa Januari 2019, darasa la kwanza likawa Gredi ya 1. Masomo yalipewa jina la shughuli, na miongoni mwake zimo shughuli za lugha za kiasili. Katika Kiswahili, kusikiliza na kuzungumza ni mada kuu inayojitegemea. Kwa karatasi, basi, mengi ya 1957 na ya 1964 yamerudi, safari hii bila kufungwa pamoja na lugha moja.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inatufunza mambo matatu. La kwanza ni kwamba hakuna mfumo uliokuwa na sauti, herufi na maana kwa pamoja kwa nguvu zake wenyewe. Chuo kilitegemea nyumba, misheni ilitegemea kanisa, na shule ya serikali ilidhani haimtegemei mtu. La pili ni kwamba lugha ya mama peke yake haimletei mtoto fasihi. Inawezekana kabisa kumfundisha mtoto kwa lugha ya mamaye kutaja vikombe na viti mwaka mzima. La tatu ni kwamba kisicho na mtetezi katika ratiba hufa hata kama sheria inakiruhusu. Kipindi cha hadithi hakikuuawa na tume iliyofuata. Kilikopwa dakika kwa dakika mpaka hakuna aliyekumbuka kukidai.

Jambo hili la tatu latuhusu sisi moja kwa moja. Idara zetu hupeleka wanafunzi vijijini kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za watoto. Kazi hizo hunukuliwa, huainishwa kwa tanzu na dhima, hutolewa alama, kisha huwekwa kabatini. Wakati huohuo mwalimu wa Gredi ya 1, aliyeagizwa na mtaala asimulie hadithi katika lugha ya eneo, hana hadithi mkononi. Kati ya kabati letu na darasa lake mna umbali wa kilomita chache tu. Mhakiki anayeweza kueleza kwa nini ngano huanza kwa tukio wala si kwa kitambulishi ana jambo la kumwambia mwandishi wa kitabu cha mwaka wa kwanza, na mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada anaweza kuanza na kitabu kile alichosomea yeye mwenyewe, akakihakiki kwa ukali uleule anaouelekeza kwa riwaya.

Msomaji wa riwaya tunayemlalamikia kwamba hapatikani alikuwa mkekani, chini ya mti, au katika dawati la watu wanne, miaka mingi kabla hatujaanza kumtafuta. Alifu yake hatukuitazama.